Pawa saplai kwa kadi mpya ya grafiki: ukiwa Lubumbashi, anza na mstari wa Input

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji yanafanana hadi nilidhani ni ya mtu mmoja. Mmoja yuko Katuba, mwingine Kampemba, zote mitaa ya Lubumbashi, mwingine mji wa Likasi. Kila mmoja alinunua kompyuta ya mezani iliyotumika Ulaya, akaiongezea kadi ya grafiki, na mchana mchezo unakwenda vizuri kabisa. Ikifika saa moja jioni, kompyuta inajizima katikati ya mchezo. Fundi akabadilisha RAM. Akabadilisha pasta ya prosesa. Akaweka Windows upya. Kila hatua na dola zake, na hakuna aliyegeuza pawa saplai, lile boksi la chuma linaloilisha kompyuta umeme, asome lebo.

Kompyuta haina sababu ya kuugua jioni peke yake. Kinachobadilika jioni ni umeme: mtaa mzima umewasha resho, yaani majiko ya umeme, na volti zinashuka. Kwa hiyo leo sitazungumzia taa za rangi, nyaya zinazochomoka wala kelele za feni. Hayo utayaona mwenyewe kwenye picha ya kartoni.

Lile boksi la chuma lina lebo yenye jedwali la ampea. Juu ya jedwali kuna mstari mdogo unaoanza na neno Input. Humo utakuta 100-240V, au utakuta 200-240V, ambayo wengine huiandika 230V tu. Anayeishi Brussels hana haja ya kujali tofauti hiyo. Anayeishi Kampemba aijali kuliko wati.

Sababu ni hii. Pawa saplai ya muundo wa zamani hupokea umeme wa ukutani, huunyoosha, kisha huuhifadhi kwenye kapasita kubwa. 220V za ukutani huwa karibu 310V humo ndani. Umeme ukishuka hadi 160V, ndani hubaki kama 226V, na akiba ya kapasita huwa ndogo sana. Kabla ya kuongeza kadi hakuna aliyegundua, maana kompyuta ya ofisi haili umeme mwingi. Sasa weka kadi inayovuta wati 120 kwa ghafla: laini ya volti 12 inalegea, pawa saplai inajikinga, kioo kinakuwa cheusi. Zile za 100-240V za kisasa zina sakiti iitwayo PFC hai, ambayo hupandisha umeme hadi karibu 380V au 400V humo ndani, iwe ukutani kuna 220V au 150V. Inavuta ampea nyingi zaidi ukutani, lakini kadi yako haijui kilichotokea mtaani.

Usidanganywe na alama ya 80 Plus, hata ikiwa ya dhahabu. Alama hiyo inapima ni kiasi gani cha umeme kinapotea kwa joto. Haisemi lolote kuhusu umeme dhaifu, na zipo pawa saplai zenye alama hiyo zilizotengenezwa kwa 230V peke yake.

Halafu kuna kitufe chekundu nyuma ya zile za zamani, 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Nimesikia mafundi wakishauri kukiweka 115 "ili ivumilie umeme mdogo". Tafadhali, usikubali. Kikiwa 115, sakiti inazidisha volti mara mbili. Umeme ukirudi 220V baada ya delestaje, yaani mgao wa umeme, ndani zinaingia zaidi ya 600V kwenye kapasita mbili ambazo kwa kawaida kila moja imetengenezwa kwa 200V. Utasikia mlipuko, na harufu itabaki chumbani hadi kesho yake.

Sasa wati. Namba kubwa ubavuni ni ya kuuzia. Wewe tafuta safu ya +12V, kwa sababu prosesa na kadi ya grafiki karibu zote zinakula hapo. Zidisha ampea kwa 12. Ikiandikwa 14A, hizo ni wati 168, hata kama kartoni imeandikwa 500W. Zikiwepo safu mbili za 12V, usizijumlishe. Tafuta kiwango cha pamoja kilichoandikwa chini yake. Prosesa ya Core i5-3470, ambayo imejaa kwenye mashine hizi, imepangiwa wati 77. Kadi ya GTX 1660 Super ni wati 125, ya RX 580 ni 185. Ongeza diski, feni na ubao mama, halafu acha nafasi ya kutosha juu yake.

Kabla hujatoa hela, fungua kompyuta uangalie plagi kubwa ya ubao mama. Dell OptiPlex 7010 na 9010 za mwaka 2012 zina plagi ya kawaida ya pini 24. (Dell walirudia jina 7010 mwaka 2023, kwa hiyo jina pekee halitoshi.) OptiPlex 3020, 7020 na 9020 zina pini 8 za Dell wenyewe, na HP EliteDesk 800 G1 ina pini 6 za HP. Hizo zinahitaji waya wa kubadilishia kutoka 24. Na zile nyembamba za kulala mezani haziwezi kupokea pawa saplai ya kawaida hata kwa nguvu.

Mpangilio wangu, nami sifichi ninakoegemea:

Ya kwanza ni Seasonic. Ni kampuni ya Taiwan iliyoanza mwaka 1975, na inatengeneza nyingi za pawa saplai zake yenyewe, wakati majina mengi makubwa yananunua kwa mtengenezaji mwingine na kubandika lebo. Focus GX ya 550W inapokea 100-240V, inatoa ampea 45 kwenye 12V na ina garantii ya miaka 10 kutoka kiwandani. S12III ni nafuu zaidi na inamtosha mwenye GTX 1660 Super au RX 580. Ningemwambia mdogo wangu asubiri mwezi mmoja aongeze hela kuliko kununua nyingine. Kasoro ipo: pawa saplai yenye PFC hai, Seasonic nayo ikiwemo, inaweza kukataa onduleri (kifaa chenye betri cha kushikilia umeme ukikatika) ya bei rahisi, ikazima pale umeme unapokatika. Ijaribu na onduleri yako kabla ya kuiamini.

Ya pili ni kutonunua pawa saplai kabisa. Soma lebo ya ile uliyonayo. Za Dell na HP mara nyingi ni imara kuliko zinavyoonekana, na 275W ya OptiPlex 7010 ya kusimama inatosha kwa kadi isiyo na plagi yake ya umeme. Sloti ya kadi inatoa hadi wati 75. Hapo zinaingia GTX 1050 Ti na GTX 1650, zote za wati 75, au RTX 3050 ya GB 6, wati 70. Angalia kadi yenyewe, siyo jina: zipo GTX 1650 zenye plagi ya pini 6. Kwa kompyuta nyembamba, tafuta ya nusu urefu. RX 6400 inakula wati 53 tu, lakini kwenye mashine za zamani inapoteza kasi kwa sababu inatumia njia 4 tu za sloti.

Muuzaji akikupa waya wa kugeuza plagi ya diski ya SATA kuwa pini 6 za kadi, mrudishie. Plagi ya SATA imepangiwa ampea 4.5 kwenye 12V, yaani wati 54, na pini 6 zinaruhusiwa kuvuta 75. Inayeyuka polepole, tena nyuma ya diski, mahali usipotazama.

Ya tatu ni Cooler Master na Corsair, kwa sharti la kusoma. Cooler Master wana pawa saplai za MWE zilizoandikwa 230V kwenye jina lenyewe; ni waungwana kwa kutuambia, lakini hizo ni za 200-240V. Ukiwa na stabilizata nzuri, kifaa cha kusawazisha volti, zinafaa.

Zisizo na jina, zile nyepesi zinazoandikwa 600W: hapana.

Ninachochukia zaidi ni duka lenyewe. Nikiuliza, "Patro, volti ya kuingia iko ngapi?" ninajibiwa, "Mama, hii iko wati 600, itabeba karte yote." Nikiomba kufungua kartoni, inakuwa ugomvi. Mara nyingine karatasi ya bei imebandikwa juu ya lebo, na imebandikwa hasa kwenye mstari ninaoutafuta. Bei ikipanda, kosa ni la forodha ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Ikipanda tena wiki ijayo, kosa ni la barabara. Dola yangu ikiwa na mchaniko mdogo ukingoni inakataliwa, lakini chenji ninayorudishiwa ni franka zilizoungwa kwa gundi, nami natakiwa nishukuru. Na fakture, yaani risiti, inaandikwa "alimantasio 1" (pawa saplai moja), bila modeli, bila namba, ili ukirudi kusiwe na la kubishania.

Jambo la mwisho ni majaribio. Watakuwashia hapo hapo, feni itazunguka, watasema umeona. Duka limewashwa kwa jenereta, saa tano mchana, bila kadi yako ndani. Mwambie aandike kwenye fakture jina kamili la modeli na siku saba za kubadilisha, apige na muhuri. Akikataa, mwachie bidhaa yake mezani. Akikubali, nenda nayo nyumbani, weka kadi, na usianze mchezo kabla ya saa moja jioni.