“Kanisa ni kanisa tu”: ziara ya mjini niliyoilipia mwenyewe

Nimesubiri siku kadhaa hasira ishuke ndipo niandike. Haijashuka, basi naandika hivi hivi.

Jumamosi moja hapa karibuni nilimlipia mama ziara ya kutembezwa mjini Dar es Salaam kwa miguu. Kampuni siitaji, wenyewe wanajijua. Mama ametoka Peramiho, kule Songea, yuko kwangu kwa matibabu ya macho. Jicho moja limeshafanyiwa upasuaji, la pili bado. Tangu ashuke kwenye basi alikuwa na ombi moja tu: aingie Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, pale zinapoegesha boti za Zanzibar. Ningeweza kumpandisha daladala tukashuka Posta, nauli tu. Nikajitia ujanja, nikataka apate mtu wa kumweleza.

Kijana wao alianza kwa kumwambia mama “mambo”. Mama ana miaka sabini na kitu. Nikameza. Tukatoka Sanamu ya Askari hadi Azania Front, akatuambia ni kanisa la Wakatoliki. Azania Front! Walutheri wanasali pale tangu enzi za Mjerumani. Nikameza tena, ingawa niliwaonea huruma Wazungu wawili tuliokuwa nao, maana walikuwa wanaandika kila neno kwenye kidaftari.

Ya Mtakatifu Yosefu hayakumezeka. “Hili walijenga Wareno, miaka mia nne iliyopita.” Mji wenyewe Sultani Majid kauanzisha miaka ya 1860! Mama akamwambia kwa upole, “Mwanangu, si Wareno. Ni Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, Wajerumani.” Kijana akaangalia saa. “Bimkubwa, mimi hii ndiyo kazi yangu.” Hata ndani hakuingia. Alisimama mlangoni akapiga makofi kama anayeswaga mbuzi: “Twendeni, twendeni, chakula kinatungoja. Kanisa ni kanisa tu.”

Nimelala na hayo maneno, nimeamka nayo. Kanisa ni kanisa tu!

Mama hakubishana. Aliingia, akapiga ishara ya msalaba, akakaa benchi la mbele, na mimi nikakaa naye. Wale Wazungu nao wakabaki, heri yao. Ziara niliyoilipia ikaanzia hapo, kwa sauti ya chini, na mtoaji alikuwa mama yangu, nami nikiwatafsiria wageni kadiri nilivyoweza.

Wabenediktini, alisema, walianzia Pugu mwaka 1888. Mwaka uliofuata, vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vikiwaka, misheni ikashambuliwa na baadhi yao wakauawa. Ndipo wakaja kujipanga huku pwani. Kanisa lilijengwa kuanzia 1897 hadi 1902, likatabarukiwa 1905. Na mwaka huohuo wa 1905 askofu wao, Cassian Spiss, yule aliyeanzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898, aliuawa kwenye vita vya Majimaji akiwa safarini kuelekea kusini. Hapo mama akanyamaza. Ni Mkatoliki wa kufa na kuzikana, lakini ni Mngoni pia, na mwaka 1906, kwa vita hivyo hivyo, Wajerumani waliwanyonga wazee wa Kingoni pale Songea. Mmoja wa Wazungu akauliza anamlilia nani, askofu au wazee. Mama akasema, “Mwambie wote nawaombea.”

Ilikuwa alasiri, jua limeanza kulala. Kama utakwenda, nenda saa hizo. Nyuma ya altare kuna vioo vya rangi, na mwanga ukivipitia unabaki umekodoa macho. Juu ya altare kuna nakshi ya kuchonga, na maandishi ya Kijerumani cha zamani bado yapo. Matao yake yana ncha, na dari iko juu mpaka shingo inauma. Mtindo wa Kigothi kwenye jiji la joto namna hii, ukiwaza ni kichekesho, lakini ndani kuna ubaridi ambao hapo nje Sokoine Drive huupati hata kwa hela. Mama sura za watakatifu hakuziona vizuri. Rangi aliziona. Alifumba jicho bovu, akabaki na lile lililotibiwa, akawa anazitaja mojamoja: nyekundu, bluu, ile ya njano.

Simu yangu ikaita mara tatu. Kijana. Sikupokea.

Sasa hukumu. Nilikusudia kuwapa nyota moja. Kisha nikafikiri, pengine kijana hakufundishwa, wamempa shati lenye nembo na njia ya kupita, basi, kosa ni la waliomtuma. Na bila ziara yao mbovu nisingemsikia mama akisimulia yale, maana nyumbani hajawahi. Nikasema mbili. Hata tatu nilikaribia, Mungu anaona.

Halafu usiku wakanitumia ujumbe: nusu ya hela hairudi kwa sababu “mteja aliiacha ziara mwenyewe”. Na wamemwita mama yangu “mteja mzee”.

Moja.