Uzoefu wangu: M*A*S*H kwenye DVD, vicheko vikiwa vimezimwa

Ukiweka diski ya M*A*S*H kwenye deki na kubonyeza pleyi bila kupitia kwenye menyu, utasikia watu wakicheka. Watu hao hawakuwepo. Tamthilia hii ilipigwa kwa kamera moja, kama filamu, ndani ya studio za Fox na nje kwenye vilima vya Malibu, California, bila mtazamaji hata mmoja aliyeketi mbele ya waigizaji. Vicheko viliongezwa baadaye kwa sababu kituo cha televisheni cha CBS cha Marekani hakikukubali, mwaka 1972, kurusha komedi isiyo na vicheko. Watayarishaji hawakuvitaka tangu mwanzo. Kwenye DVD unaweza kuvizima, na baada ya kuitazama misimu yote 11 kwa njia zote mbili, hiyo ndiyo sababu ya kwanza ninayompa anayeuliza kama makasha haya bado yana thamani.

Kwa asiyeijua: M*A*S*H ni kifupi cha jina la hospitali ya upasuaji ya jeshi la Marekani, ile ya mahema inayohama na mstari wa mbele. Hii ni namba 4077, katika Vita vya Korea vya 1950 hadi 1953. Madaktari wake, akiwemo Hawkeye Pierce anayeigizwa na Alan Alda, wameitwa jeshini kwa lazima. Wanashona majeruhi saa nyingi mfululizo, kisha wanarudi kwenye hema lao kunywa jini waliyoitengeneza wenyewe na kupanga mizaha. Ilirushwa kuanzia Septemba 1972 hadi tarehe 28 Februari 1983, sehemu zaidi ya 250 za takriban dakika 25 kila moja.

Sasa namna ya kuvizima. Diski ikishasoma, usikimbilie kuanza. Kwenye menyu kuu ingia ukurasa wa lugha. Utakuta Kiingereza kimeorodheshwa mara mbili, kimoja kikiwa na vicheko na kingine bila. Chagua cha pili, rudi menyu kuu, ndipo uanze. Ukisahau, bonyeza kitufe cha sauti kwenye rimoti wakati picha inaendelea. Kila ukibonyeza, deki inaruka kwenda sauti inayofuata, na lugha nyingine zilizomo zitapita pia, hivyo bonyeza taratibu na usubiri sekunde moja kabla ya kubonyeza tena. Kwenye kompyuta, programu ya VLC hubadilisha sauti kwa herufi b. Kinachowachanganya wengi ni kwamba chaguo hili halidumu. Deki huchukua Kiingereza cha kwanza inachokikuta, kwa hiyo ukibadilisha diski vicheko vinarudi, na mtu anadhani diski ya pili haina sauti hiyo nyingine. Inayo. Chagua upya.

Diski haijaharibika. Ndivyo deki zinavyofanya kazi.

Nini kinabadilika? Kabla hujazima, tazama sehemu moja ya msimu wa kwanza ikiwa na vicheko na usikilize jambo moja tu: mlango wa chumba cha upasuaji. Watayarishaji walipokubali masharti ya CBS, walishikilia sharti moja la kwao, kwamba ndani ya chumba kile hakuna atakayecheka. Hawkeye ni yuleyule, utani ni uleule, pengine mkali zaidi, lakini mikono yake iko ndani ya tumbo la mtu na hakuna sauti ya kumuunga mkono. Ukishaugundua mpaka huo, vile vicheko vya kwenye hema vinaanza kukukera. Vinakuelekeza ucheke wapi, na mara nyingi vinakosea. Utani wa Hawkeye mwingi ni wa mtu aliyechoka anayejizuia asilie, na kicheko cha watu mia kinauzamisha.

Ukivizima, mambo matatu yanajitokeza. Kwanza unasikia hospitali: vyombo vikigongana kwenye sinia, jenereta, kipaza sauti cha kambi kikitangaza majeruhi zaidi. Pili unasikia maneno yanayosemwa chini ya pumzi, hasa ya Radar, karani wa kambi, na ya Father Mulcahy, kasisi wao, ambayo vicheko vilikuwa vikiyafunika. Tatu, kasi inaongezeka. Mara nyingi waigizaji hawakusimama kumngoja mtu acheke, na mazungumzo yanapigana vikumbo kama ya watu wanaoishi hema moja.

Si kwamba hakuna hasara. Misimu miwili ya mwanzo ina sehemu za utani mtupu, na humo utakutana na vipengo vya nusu sekunde baada ya mzaha, vikiwa tupu. “5 O'Clock Charlie” ya msimu wa pili, ile ya rubani wa adui anayekuja kila siku saa ileile kulipua ghala la silaha na kulikosa, ni mfano mzuri. Bila vicheko inakuwa tulivu kuliko nilivyotarajia, na mtu aliyezoea komedi za ukumbini anaweza kuiona baridi. Mpe muda wa sehemu tatu au nne, sikio lake litazoea. Kuanzia katikati ya tamthilia vicheko vyenyewe vilipunguzwa sauti, kwa hiyo tofauti ya njia hizi mbili ni kubwa zaidi mwanzoni.

Aya hii aruke anayetaka kuitazama bila kujua kitakachotokea. Sehemu ya mwisho ya msimu wa tatu, “Abyssinia, Henry,” ilirushwa Machi 1975. Kamanda wa kambi, Luteni Kanali Henry Blake, ameruhusiwa kurudi nyumbani. Wanamuaga, wanamnywea, helikopta inaondoka naye. Kisha tuko chumba cha upasuaji na Radar anaingia bila barakoa, karatasi mkononi. Anafokewa avae barakoa. Anasoma: ndege ya Henry imetunguliwa juu ya Bahari ya Japani, hakuna aliyepona. Larry Gelbart, aliyeiunda tamthilia hii kwa televisheni, aliuficha ukurasa huo mpaka siku ya kupiga. Tazama kamera inavyopita juu ya nyuso zilizofunikwa, macho tu ndiyo yanayoonekana, na hakuna anayeacha kazi kwa sababu mgonjwa bado yuko wazi mezani. Katika ukimya huo kuna chombo kinaanguka sakafuni. Kilianguka kwa bahati mbaya wakati wa kupiga, na kikaachwa. Ongeza sauti kidogo ukifika hapo.

Hatua hiyo haina vicheko hata kwenye sauti ya kwanza. Lakini mtu aliyeitazama sehemu nzima bila vicheko anaifikia akiwa amekaa na watu wale dakika ishirini kama binadamu, si kama wachekeshaji, na pigo linakuja tofauti kabisa.

Zipo sehemu ambazo hazikuwa na vicheko hata ziliporushwa, na ni vizuri kuzijua ili usihangaike na rimoti. “O.R.” ya msimu wa tatu karibu yote iko ndani ya chumba cha upasuaji. “The Interview,” inayofunga msimu wa nne, ni ya rangi nyeusi na nyeupe. Usianze kuchunguza nyaya za televisheni. Ndani yake mwandishi wa habari anawahoji madaktari mmoja mmoja, na mwandishi huyo, Clete Roberts, alikuwa mwanahabari kweli. “Point of View” ya msimu wa saba inaonyeshwa yote kwa macho ya askari aliyejeruhiwa koo asiyeweza kusema. Na ipo “Life Time” ya msimu wa nane, yenye saa ndogo kwenye kona ya skrini: mshipa mkuu wa damu wa askari umeraruka, na wana kama dakika ishirini za kuuziba kabla hajapooza miguu. Kipande cha kuuzibia kinategemea askari mwingine, mahututi, ambaye bado hajafa. Hiyo usiisimamishe kwenda kuchukua maji. Dk. Walter Dishell, mshauri wa kitabibu wa tamthilia hii, anastahili sifa kwa jinsi maelezo ya upasuaji yanavyoshikamana.

Upasuaji wenyewe unaonyeshwa kwa sababu zake. Kazi ya hospitali ya aina hii si kumponya mtu. Ni kumzuia asife, amefungwa vizuri kiasi cha kusafirishwa hospitali kubwa ya nyuma. Ndiyo maana utaona madaktari wakibishana kuhusu nani aingie kwanza, na si mwenye kidonda kibaya zaidi anayeingia sikuzote. Mwanzoni mwa kila sehemu helikopta zinashuka na machela zimefungwa nje, juu ya miguu ya helikopta, na ndivyo majeruhi walivyobebwa Korea kweli. Watayarishaji walizungumza na madaktari waliohudumu kule, na hilo linasikika.

Kuna yanayoumiza pia. Manesi wa misimu ya mwanzo wamewekwa watongozwe na wanaume na kusahaulika. Daktari mweusi wa kambi alipewa jina la utani la kibaguzi, kisha akatoweka msimu wa kwanza bila neno. Wakorea wengi wameigizwa na watu wasio Wakorea. Margaret Houlihan, mkuu wa manesi, anayeigizwa na Loretta Swit, anaanza kama kikaragosi na inachukua misimu kadhaa apewe utu anaoustahili. Akishapewa, ni miongoni mwa sababu bora za kuendelea kutazama. Kalenda nayo usiifuatilie. Kanali Potter, kamanda wa baadaye wa kambi, anawasili Septemba 1952, kisha kuna sehemu ya msimu wa tisa inayopita mwaka mzima wa 1951 naye yupo.

Picha ni ya umbo la zamani, 4 kwa 3. Televisheni pana za leo huivuta ijaze skrini, na Hawkeye, aliye mrefu na mwembamba, anakuwa mfupi mwenye mabega mapana. Ingia mipangilio ya picha ya televisheni, chagua 4:3 au umbo asilia, ukubali pande mbili nyeusi. Sauti ni ya chaneli moja, hivyo zima madoido yote ya sauti ya mzunguko (surround) kwenye spika. Yanaitawanya na kuyafanya maneno yawe mbali. Vipande vya nje vina chembechembe. Ni chembe za filamu. Kipunguza kelele cha picha kikiwekwa juu kabisa kitazifuta pamoja na jasho usoni mwa waigizaji, kwa hiyo kiweke chini.

Kabla ya kununua, geuza kasha usome nyuma. Angalia namba ya kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imetengenezewa: 1 ni Marekani na Kanada, 2 ni Ulaya na Japani, 5 ni sehemu kubwa ya Afrika. Deki iliyofungwa kwa kanda moja itaikataa diski ya kanda nyingine hata kama ni mpya. Angalia pia kama imeandikwa NTSC au PAL, mifumo miwili ya picha ya televisheni. Kwenye PAL filamu huendeshwa picha 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo sehemu ya dakika 25 inaisha dakika moja mapema na sauti zinapanda kidogo. Wengine hawalisikii, mimi nalisikia kwenye muziki wa mwanzo. Kwenye maelezo ya sauti tafuta maneno yanayosema wazi kwamba kuna chaguo bila vicheko. Ukinunua msimu wa 11, hakikisha jina “Goodbye, Farewell and Amen” limeandikwa, maana huo ndio mwisho wenyewe, wa saa mbili hivi bila matangazo, uliotazamwa na karibu watu milioni 106 Marekani usiku ule. Msimu wa mwisho usio na huo haujakamilika.

Diski zilizotumika zikague chini ya taa, ukiziinamisha. Mikwaruzo inayotoka katikati kwenda ukingoni haina shida sana. Inayozunguka pamoja na diski ndiyo inayokwamisha picha. Futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha. Picha ikisita chini ya sekunde moja mara moja tu, hasa katikati ya diski, mara nyingi ni deki inayohama tabaka la kwanza la diski kwenda la pili. Ikisita mahali palepale na kubaki hapo, safisha na ujaribu deki nyingine kabla ya kuirudisha.

Mgeni ningemwanzisha na “Tuttle” na “Sometimes You Hear the Bullet,” zote za msimu wa kwanza, moja ya kuchekesha na nyingine ya kumnyamazisha, kisha arudi mwanzo na kwenda kwa mpangilio. Misimu mitatu ya kwanza ina sehemu 24 kila mmoja, kwa kawaida kwenye diski tatu, nane nane. Nane kwa siku ni nyingi mno. Mbili au tatu zinatosha. Na kila akibadilisha diski, apitie ukurasa wa lugha kwanza.