Pikapu ya nusu tani na trela la kambi: kibandiko cha mlangoni ndicho kilichoniamulia

Tangu nianze kuvuta trela la kambi, lile lenye vitanda, jiko na choo ndani, watu huniuliza swali lilelile: pikapu yako inavuta tani ngapi? Mimi huwarudishia swali: inabeba kilo ngapi? Pikapu za nusu tani (hilo ni jina la daraja lao tu, si uzito zinaobeba) za siku hizi, ziwe Ford F-150, Ram 1500, Chevrolet Silverado 1500 au Toyota Tundra, ukichagua injini sahihi zinavuta trela la familia bila shida. Zinaposhindwa, huwa ni mgongo unaoelemewa, injini bado ina hamu.

Fungua mlango wa dereva uangalie kwenye nguzo. Pana kibandiko cheupe chenye mstari wa njano, kinachosema uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kiasi fulani. Namba hiyo ni ya gari hilohilo ulilofungua mlango wake, wala si ya kwenye brosha. Wakati wa kutafuta gari nilichuchumaa milangoni zaidi kuliko nilivyokaa kwenye usukani. Nilikuta pikapu mbili zimeegeshwa ubavu kwa ubavu, jina moja, injini moja. Ya kwanza imeandikwa kilo 780. Ya pili, yenye paa la kioo, viti vya umeme na rimu kubwa za kung'aa, kilo 590. Anasa zote zile zina uzito, na uzito huo unakatwa kwenye mzigo wako.

Muuzaji alikuwa ameikazania ile ya paa la kioo. "Hii inavuta tani tano, wasiwasi wa nini?" Haya, tupige hesabu. Trela la namna hii huegemeza shingo yake kwenye ndoano ya gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake wote. Kwa tani tano, chukua asilimia 13: kilo 650. Hapo hata dereva hajapanda, na kilo 60 zimeshazidi.

Ile tani tano yenyewe si uongo. Watengenezaji huipima kwa kanuni iitwayo SAE J2807, na mtihani wake ni wa jasho: gari likiwa na trela hupanda mlima wa Davis Dam kule Arizona, Marekani, kilomita 18 hivi, kwenye joto kali, kiyoyozi kimefunguliwa mpaka mwisho, na mwendo haushuki chini ya kilomita 64 kwa saa. Ila kanuni hiyo huhesabu watu wawili tu garini, kilo 68 kila mmoja. Watoto, baiskeli, jenereta na lile sanduku la vyombo ambalo mke wangu haliachi nyumbani havimo.

Kwangu mimi hesabu ilikuwa hivi. Trela letu kikomo chake ni kilo 3,200. Nilitumia kikomo, maana ule uzito mtupu wa kwenye brosha hauna maji wala nguo wala chakula, na tangi la lita 150 likijaa ni kilo 150 papo hapo. Asilimia 13 ya 3,200 ni kilo 416 za shingo. Ndoano yenye vyuma vyake, ambayo nitaieleza mbele, 45. Familia nzima, 270. Jumla 731. Kwenye ile ya 780 nabakiwa na kilo 49 za kuchezea. Kwenye ile ya 590 nisingepakia hata familia yote. Nikachukua ya 780, F-150 yenye injini ya V6, yaani silinda sita, ya lita 3.5 na turbo mbili, viti vya kitambaa, paa la kawaida. Baadaye nililipeleka gari na trela mizani, kila kitu kikiwa kimepakiwa kama safari. Mizani haina undugu na mtu, na ilinikubalia.

Injini sina mengi ya kusema. Inatoa nguvu ya msokoto ya Nm 678 kwenye mizunguko 3,100 tu kwa dakika, kwa hiyo mlimani haipigi kelele. V8 ya lita 5.7 ya Ram ina mlio mtamu zaidi, lakini nguvu yake kamili, Nm 556, huja karibu na mizunguko 4,000. Tena anayepita sana milima mirefu aikumbuke turbo, kwa sababu hewa ikiwa nyepesi injini isiyo nayo hulegea mapema.

Kilichobadilisha safari zangu ni ile ndoano yenye vyuma viwili vya springi. Ukiweka trela zito kwenye ndoano ya kawaida, nyuma ya pikapu huinama, pua huinuka, matairi ya mbele yanakosa uzito na usukani unakuwa mwepesi vibaya. Vile vyuma, vikishakazwa, husukuma sehemu ya uzito irudi ekseli ya mbele na nyingine iende kwenye matairi ya trela. Mimi hupima kwa futi kamba kutoka chini hadi ukingo wa madigadi ya mbele: kabla ya kufunga trela, baada ya kulifunga, kisha baada ya kukaza vyuma. Kitabu cha gari kinasema kimo kirudi kwa kiasi gani. Soma pia kibandiko kilichopo kwenye ndoano ya gari lenyewe. Pikapu nyingi za nusu tani bila vyuma hivyo haziruhusiwi kupita kilo 227 za shingo.

Shingo isiwe nyepesi pia. Kuna watu huhamishia mizigo nyuma ya trela ili kuiponya pikapu, halafu lori kubwa likiwapita barabarani trela linaanza kutikisa mkia. Hapo ni kuachia pedali ya mafuta taratibu na kubonyeza swichi ya breki za trela kwa mkono, bila kukanyaga breki za gari kwa hofu.

Mafuta? Trela ni ukuta unaosukuma upepo, tegemea ulaji kuongezeka kama mara mbili, pikapu yoyote ile. Ukipata yenye tangi kubwa, chukua. Vioo virefu vya pembeni ni lazima.

Kwa trela linalokaribia tani nne, au familia yenye vijana watatu wakubwa, mimi nusu tani nisingeigusa. Ningeenda moja kwa moja kwenye daraja la juu, kama F-250, na huko nako ningeanza kwa kufungua mlango wa dereva.