TAHADHARI: Mikindu inauzwa kama mitende hapa Dar

Jamani, wenye viwanja Kigamboni, Goba, Madale na Bunju, someni hii kabla hamjatuma hela. Kuna jamaa anazunguka na kirikuu iliyojaa miche, anasema ni mitende ya Ajwa (aina ya tende) kutoka Madina, elfu themanini kila mche. Shangazi yangu wa Kigamboni kachukua sita na kumlipa kwa simu palepale. Nilipokwenda kuitazama, ni mikindu mitupu, hii inayojiotea mabondeni na kando ya mito, ambayo mama zetu wanachukua ukindu wake kusukia mikeka. Namba aliyoacha haipatikani tena.

Anajua kuongea huyo mtu. Anakuonyesha picha za mashada ya tende kwenye simu: "Mama, hii yote ya kike, nakuhakikishia, mwaka wa pili unavuna." Na anapita wakati watu wanajiandaa na Ramadhani, tende ziko midomoni mwa kila mtu.

Kinachomsaidia ni kwamba mtende na mkindu ni ndugu wa damu. Akikuambia angalia miiba hapa chini ya kuti, hiyo ndiyo alama ya mtende, usikubali, kwa sababu mkindu nao una miiba, tena mirefu. Wewe angalia rangi na mkao. Kuti la mtende ni gumu, limenyooka, na ukijani wake umeingia ukijivu kama limepitiwa na vumbi. La mkindu ni kijani kibichi kinachong'aa, linalegea na kujipinda kuelekea chini. Ukiona mkindu uliokomaa utakuta vishina vyembamba vingi vimetoka pamoja, vinainama huku na huko.

Shida ni mche mchanga. Ukiwa bado na majani mawili matatu yasiyogawanyika, rangi haikusaidii kitu, hata mzoefu atababaika. Hapo nenda kwenye mzizi. Tulichana kiriba kimoja (mfuko wa mche) kwa shangazi, tukapekua udongo taratibu, na kokwa ilikuwa bado imeshikilia mche: fupi, nene kidogo, urefu wake ni kama nusu tu ya kokwa ya tende. Kokwa ya tende mnaijua, ndefu na ina mfereji upande mmoja. Muuzaji asiyetaka ufungue hata kiriba kimoja, achana naye.

Halafu hili ndilo linalowaponza wengi. Hata ukikuta kokwa ya tende kweli, hiyo bado si Ajwa. Mtende unaotoka kwenye kokwa haumfuati mama yake, na karibu nusu ya miche ya namna hiyo huwa ya kiume, haizai kabisa. Hakuna mtu anayeweza kuitazama kwa macho akajua jinsia kabla haijatoa maua. Aina yenye jina maalumu kama Ajwa hupatikana kwa chipukizi lililokatwa kwenye shina la mama au kwa mche wa maabara. Chipukizi zuri lina uzito wa kilo 10 na kuendelea, na kovu la kukatwa linaonekana. Haliwezi kukaa kwenye kiriba cha kubeba kwa vidole viwili.

Na hiyo ahadi ya mwaka wa pili ni uongo mtupu. Mtende uliotoka kwenye kokwa huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa, na tende zinataka jua kali na hewa kavu zinapoiva. Joto letu la Dar lina unyevu, na mvua ikizikuta shadani zinapasuka na kuoza.

Waliokwisha kununua, msiing'oe kwa hasira. Mkindu ni mti mzuri wa bustani, unavumilia maji kuliko mtende, ila uwekeni mbali na njia ya watoto kwa ajili ya miiba. Bakizeni mche mmoja kwenye kiriba chake na ule ujumbe wa malipo, mwende navyo polisi, na namba yake itumeni 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Shangazi ameshafungua jalada. Aliyemwona wiki hii aandike hapa yuko mtaa gani, na kirikuu yake ni ya rangi gani sasa, maana Kigamboni alikuja na nyeupe.