Kuprinti mswada Moshi ili kuuhariri: uzoefu wangu

Hii ni huduma ya kuprinti ya steshenari moja katikati ya mji wa Moshi, si mbali na mnara wa saa. Nilipeleka hadithi fupi ya maneno 6,000, nikitaka karatasi za kuchorachora tu. Kwa kazi hiyo naipendekeza, ila nenda na maelekezo yako kamili. Ukisema "niprintie" ukanyamaza, utapewa mistari iliyobanana isiyo na pa kuandikia.

Omba A4, herufi za ukubwa wa 12, nafasi ya mistari 2, pambizo la kulia sentimita 4, upande mmoja wa karatasi, na namba za kurasa. Yangu ilitoka kurasa 26. Watakuuliza kama wakubaindie, kataa. Huenda tukio la ukurasa wa 9 ndilo linalofaa kufungua hadithi, na karatasi zikiwa huru unazitandaza mezani, unazihamisha, unasoma upya.

Kasoro zipo. Faili la Word lilifunguka bila fonti niliyotumia, kurasa zikawa 31, kwa hiyo peleka PDF. Flashi ilirudi na kirusi. Sasa natuma kwa barua pepe. Kurasa za mwisho zilififia, lakini wakazirudia bila kunitoza.

Faida yenyewe iko kwenye usomaji. Soma kwa sauti, biki mkononi, na mara ya kwanza weka alama tu pale ulimi unapojikwaa. Ukianza kurekebisha papo hapo utanasa ukurasa wa 2. Raundi ya pili tafuta nani ni nani. "Juma alimwambia Saidi kuwa amemwona mkewe": nani kaona, na mke ni wa nani? Kiambishi a- hakitofautishi mtu na mwenzake, wala mume na mke. Mara nyingi dawa ni kumwacha mhusika aseme mwenyewe: "Nimemwona mkeo," Juma alimwambia Saidi.

Raundi ya tatu ni ya -ka-, na hapa ndipo karatasi inaishinda skrini kwa mbali. Zungushia kila moja. "Akaamka, akanawa, akanywa chai, akavaa, akatoka, akamkuta mlangoni." Duara 6 zikisongamana mahali pamoja unaona kwa macho tatizo lilipo: -ka- inapanga matukio foleni na kuyapa yote uzito uleule, kumbe la maana ni mtu aliye mlangoni. Chai na kunawa vifutwe. "Alipofungua mlango, alimkuta amesimama." Usiziondoe zote lakini, kwenye ugomvi au mbio ndizo zinazovuta pumzi ya msomaji.

Ukirudi kwenye kompyuta, tafuta "aka" ukitanguliza nafasi tupu, vinginevyo utaletewa kila "mwaka" na "haraka". "Akaunti" itajitokeza tu. Rudia kwa "nika" na "waka".

Bajeti yangu ni kuprinti mara 2 kwa hadithi moja, wiki 2 zikipita katikati, na mara ya pili nabadilisha fonti ili jicho lisiteleze juu ya maneno liliyokwisha kuyazoea. Zile karatasi za kwanza usizitupe mpaka umalize za pili. Sentensi moja au mbili ulizozikata zitadai kurudi, na kwenye faili zimeshafutika.