Chupa ya chuma ya nusu lita: kahawa ya moto juu ya majabali ya Saanane

Chupa hii ya chai niliinunua Makoroboi, sokoni hapa Mwanza, kwa shilingi 22,000. Ni ya chuma, nusu lita, rangi ya kijani, haina jina la kiwanda, na kifuniko chake ndicho kikombe. Naisifia kwa moyo wote kwa sababu imenipa nilichokuwa nakitamani: kahawa ya kuchemshwa, ya moto, nikiwa nimekaa juu ya jabali na ziwa limenizunguka.

Sisi wa Mwanza tunakwenda Saanane, kisiwa kidogo cha Ziwa Victoria, mikono mitupu. Boti kutoka Capri Point haimalizi hata robo saa, basi mtu anajiona kama anakwenda sokoni. Ukifika, njia inapanda juu ya mawe, jua limeshika granaiti, na ulichosahau kimebaki ng'ambo.

Wapo wanaobeba jiko dogo la gesi wachemshie hukohuko. Wazo hilo silipendi hata kidogo. Saanane ilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, ikawa hifadhi ya taifa 2013, na yote ni kilomita za mraba 2.18 maji yakihesabiwa. Majani yakishakauka mwezi wa nane, cheche moja inatosha, na pimbi na swala hawana pa kukimbilia isipokuwa majini. Kahawa ichemkie nyumbani.

Chupa za kioo, zile zenye maua tunazowekea wageni chai, zinatunza joto vizuri sana, sibishi. Ila litue begi kwa nguvu kwenye jabali, usikie vigae vinachakarika ndani, basi tena. Ya chuma inagongwa na kubonyea tu. Ubunifu wenyewe ni uleule wa James Dewar wa mwaka 1892: kuta mbili, katikati hamna hewa, joto halipati njia. Linapotorokea ni kifunikoni. Kwa hiyo kabla ya kumimina kahawa naijaza maji yanayochemka, naifunga dakika tano, namwaga, kisha naijaza kahawa mpaka shingoni. Ukiiacha nusu, inapoa upesi. Nikijaza saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana bado inaunguza ulimi. Saa kumi ni vuguvugu, lakini inanyweka.

Kahawa yangu ni robusta ya Kagera. Dada yangu ameolewa Muleba na ndiye anayenipatia, imekaangwa na kusagwa tayari. Naichemsha na kipande cha tangawizi, naiacha itulie, halafu naichuja kwa kitambaa mara mbili. Hapo usifanye haraka: machicha yakiingia kwenye chupa, kahawa inaendelea kukolea njia nzima na mchana inakuwa chungu isiyomezeka. Maziwa siweki kamwe, kwa sababu yakikaa vuguvugu saa nyingi yanaharibika na kuacha harufu kwenye mpira wa kifuniko. Sukari inasafiri peke yake kwenye kichupa. Kahawa ya kuyeyusha ni rahisi, ninayo jikoni, ila haina harufu inayomfanya mtu ageuke. Juzi juzi mwongozaji wetu, kijana mpole sana, alirudi nyuma kutoka mbele ya msafara.

"Shikamoo mama. Hiyo kahawa nimeinusa tangu kule juu."

"Marahaba baba. Lete kikombe."

Kwenye begi chupa inakaa wima, imeegemea upande wa mgongo, nimeizungushia sweta, ili uzito usinivute nyuma kwenye mteremko. Maji ya kunywa lita moja na nusu yanakaa pembeni, kwa sababu kahawa haichukui nafasi ya maji kwenye jua la ziwani. Kofia, raba zenye meno, na koti la mvua kuanzia mwezi wa kumi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo chakula nakifunga kwenye kipande cha kanga. Na chakula chenyewe ni matobolwa. Viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, utamu wake mzito ukikutana na uchungu wa robusta, hakuna keki ya mjini nitakayoichagua badala yake. Ila uyale tu wakati tumbili hawapo karibu.

Kasoro zipo. Mpira wa kifuniko umeshika tangawizi na hautoki hata kwa magadi, kwa hiyo hii sasa ni chupa ya kahawa tu. Kikombe cha chuma kinaunguza midomo. Mimi nabeba bilauri ya plastiki. Mdomo ni mwembamba, mkono hauingii, utahitaji brashi ndefu. Na tafadhali, usishuke ufukweni kusuuza kikombe. Kichocho kipo ziwani, na mamba pia. Suuza kwa maji yako ya kunywa, au kirudishe kichafu nyumbani.

Nusu lita inatosha watu wawili, kikombe na nusu kila mmoja. Mkiwa wanne nunueni ya lita moja, muulizeni muuzaji kama ana mipira ya akiba, na aliyebeba kahawa asibebeshwe maji.