Dawa ya kung'oa uchafu sugu kwenye vyombo vikuukuu vya bia ya nyumbani: ipi ununue kwanza

Vyombo vya mtumba vya kutengenezea bia huja na uchafu wa aina mbili, na dawa moja haiumalizi wote. Ule wa kahawia, ulioganda pale povu lilipofika, ni hamira na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu). Huo unataka alkali. Ule wa kijivujivu unaokwaruza ukipitisha kucha ni jiwe la bia, yaani kalsiamu okzaleti. Huo unataka asidi. Sabuni ya vyombo achana nayo: mabaki yake huua povu la bia.

Ya kwanza: sodiamu pakaboneti. Ikiingia majini hutoa haidrojeni peroksaidi na magadi, na kazi inafanyika bila kusugua. Tia gramu 15 kwa lita moja ya maji ya nyuzi 55 hadi 60, loweka saa nne hadi nane. Soma lebo: unga mwingi wa kuondoa madoa ya nguo wenye dawa hii una manukato, nayo hunasa kwenye plastiki. Usikaze kifuniko, maana oksijeni inayotoka inaweza kupasua mtungi. Mtungi wa kioo upashe kwanza kwa maji vuguvugu. Ukimiminiwa ya moto ghafla utapasuka. Kwenye maji magumu usilaze dawa usiku kucha, itaacha utando mweupe (siki huuondoa). Sufuria ya alumini nayo itageuka nyeusi.

Ya pili: asidi ya sitriki. Bei yake ndogo na husaidia kulegeza jiwe la bia. Gramu 25 kwa lita, maji ya moto, nusu saa au zaidi, rudia kama kucha bado inakwaruza. Itumie baada ya alkali na kusuuza, kwa sababu hamira kavu hulifunika jiwe na asidi haifiki.

Ya tatu: PBW, unga wa kusafishia vyombo vya bia wa kampuni ya Five Star. Kwa ukoko ulioungua chini ya sufuria inaishinda pakaboneti tupu, kwani imeongezwa silikati. Gramu 6 hadi 8 kwa lita zinatosha, ukoko mzito 15. Tatizo ni bei tu.

Ya nne: kostiki soda. Ina nguvu kweli, lakini huunguza ngozi na macho, na hutafuna alumini huku ikitoa haidrojeni. Waachie viwanda.

Ya mwisho: jiki. Klorini hutoboa vitundu kwenye chuma cha pua, mabaki yake huipa bia ladha ya plasta ya kidonda, na ikikutana na asidi hutoa gesi ya sumu.

Kabla ya kuloweka, fungua koki vipande vipande. Uchafu unaoharibu bia hukaa nyuma ya tufe la ndani. Ndoo ya plastiki usiisugue kwa stilwaya: kila mkwaruzo ni makazi ya bakteria ambayo hata Star San (dawa ya kuua vijidudu) haiyafikii vizuri. Iliyokwisha kukwaruzika, pamoja na mpira wa kupitishia bia usiorudi kuwa angavu baada ya kulowekwa mara moja, tupa ununue mpya.